Kanuni iliyo ndani ya kompyuta nayo ina mwenyewe

Mimi ni mzaliwa wa Mbeere, nyumbani karibu na Siakago, na siku hizi naishi mjini Meru na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nyingi nimeviandikia vyama vya ushirika na vyama vya akiba: za kupokea maziwa, za kupiga hesabu ya mikopo, za kutuma malipo kwenye simu. Watu wa kwetu huiona kazi hii kuwa safi, ya kukaa kivulini, na zaidi ya yote isiyoingiliana na siasa. Hilo la mwisho nalikataa.

Programu ni kanuni. Kuna mtu aliyeketi mahali akaamua nani apate, nani akose na nani alipe ngapi, kisha akaiachia mashine itekeleze uamuzi huo mchana na usiku bila kuchoka na bila kuona haya. Kanuni hiyo ina mwenyewe. Mwananchi akiuliza, mwenyewe huyo apatikane na ajibu.

Hili niliambiwa na mwanachama wa chama kimoja cha wafugaji upande wa Imenti. Chama kilikuwa kimenunua mizani ya kidijitali na kuniita niandike programu ya kituo cha kupokelea maziwa. Mizani mpya ilisoma kilo na vipande vyake: sita pointi nane, nne pointi tatu. Daftari la karani, lililotumika miaka na miaka, lilikuwa na nafasi ya kilo nzima tu, na kile kipande kilichobaki hakikuandikwa. Kamati ilitaka programu ifuate daftari, watu wasichanganyikiwe. Mpango huo ulipoelezwa katika mkutano wa wanachama, nyanya mmoja aliyeketi mbele alisimama na kuniuliza: "Kijana wangu, hizo pointi nane zangu huwa zinaenda wapi?"

Zilikuwa zinaenda mbali. Mwenye ng'ombe mmoja huleta maziwa asubuhi na jioni. Akikatwa nusu kilo kila safari, mwezi ukiisha amepoteza kilo thelathini. Mwenye ng'ombe kumi naye, akileta maziwa yake yote kwa mkupuo mmoja kila safari, hupoteza thelathini hizo hizo, lakini kwake hazionekani, ilhali kwa nyanya yule ni pesa za unga na sabuni. Kanuni iliyoandikwa kana kwamba ni sawa kwa wote ilikuwa ikimnyonya mdogo. Wanachama walijadili, wakapiga kura, na programu ikaandikwa kuhesabu vipande vyote. Kwangu mimi yalikuwa mabadiliko ya mstari mmoja. Nyanya hakujua lugha hata moja ya kompyuta. Alijua maziwa yake, na ukumbi ulikuwepo wa kumwezesha kuuliza.

Basi watu wetu hawaogopi mashine. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikuchukua muda kabla ya mama zetu kuanza kutuma na kupokea. Jedwali la ada lilikuwa limebandikwa ukutani kwa wakala, na ujumbe ulikuja papo hapo ukionyesha kilichotumwa, kilichokatwa na kilichobaki. Ukimwuliza mama wa sokoni Gakoromone kutuma elfu moja kunakatwa ngapi, anakujibu huku akipanga ndizi. Anaweza kulalamika kwamba ada ni kubwa, lakini anajua analalamikia nini.

Sasa tutazame bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara huo. Hiyo ni kanuni ya wazi, kila mtu anaweza kuipigia hesabu kwa kalamu. Asiye na mshahara, naye ndiye mwenyeji wa Mbeere, Tharaka na Igembe, hukadiriwa. Anabonyeza *147# au anaketi na msajili, anajibu maswali kuhusu nyumba yake, choo, maji, taa, mifugo, kisha kompyuta inamtolea kiasi. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho kinatakiwa cha mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600.

Naiunga mkono bima ya afya kwa wote, tena kwa moyo wangu wote. Hakuna familia nchini humu isiyojua kikundi cha WhatsApp kilichoundwa kuchangisha pesa za hospitali, wala kijiji kisichokuwa na shamba lililouzwa kwa ajili ya mgonjwa. Kwa sababu naitakia mema ndiyo maana nataka kuiona fomyula yake.

Niliketi na mama tukayajibu maswali hayo, na kila swali nililisoma kwa jicho la mtu wa kazi hii. Paa ni la nini? La mabati. Mbeere nzima ni mabati. Nyasi za kuezekea ni shida kupata, na hata asiye na kitu huanza kwa mabati, kwa hiyo jibu hilo halitenganishi tajiri na maskini. Una mbuzi wangapi? Inategemea unauliza lini. Mbuzi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, hawezi kuuzwa kwa bei ya mbuzi wa Januari. Taa? Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, la kwanza katika mlolongo wa mabwawa ya mto Tana, na umeme wake ukaenda Nairobi huku watoto waliozaliwa karibu nalo wakisomea koroboi kwa miongo kadhaa. Mama akijibu leo kwamba ana umeme, je, fomyula inamhesabia huo kuwa utajiri, au inajua kwamba taa zenyewe ni mbili na tokeni huisha katikati ya mwezi?

Tena kuna kipato. Kwetu watu wanaishi kwa muguka, ndugu wa miraa, na Meru upande wa Nyambene kwa miraa yenyewe. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na mpaka mahakama ya Embu iliposimamisha amri za Mombasa na Kilifi, ilikuwepo familia huku kwetu ambayo haikujua wiki ijayo itauza wapi. Kipato cha namna hiyo hupanda na kushuka kwa neno la mtu aliye mamia ya kilomita kutoka shambani. Kukikadiria si kazi rahisi, nakubali. Pengine fomyula imeyazingatia haya yote kwa hekima kubwa. Basi ibandikwe ukutani kama ada za M-Pesa, tuione hekima hiyo.

Isitoshe, sheria iko upande wa mwananchi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Anaweza kudai uangaliwe upya. Ni wangapi waliowahi kuambiwa hivyo kwa Kiswahili, au kwa Kimbeere, wakiwa mbele ya msajili? Na mfumo wenyewe wa SHA ni wa nani? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliyojadiliwa sana Machi 2025, ilieleza kwamba mfumo huo wa kidijitali unagharimu shilingi bilioni 104.8 na kwamba serikali haiumiliki. Mimi huandikia vyama vidogo vya wakulima, na hata wao hunitaka niweke kwenye mkataba kwamba programu ni mali ya chama. Taifa zima halipaswi kupewa mkataba hafifu kuliko wa kituo cha maziwa.

Ndipo lilipotokea jambo la Rose Njeri, na sikuweza tena kuwa mtu wa kuandika programu tu.

Dada huyu ni mwandishi wa programu kama mimi. Mwaka 2025, Mswada wa Fedha ulipokuwa mbele ya Bunge, alitengeneza tovuti ndogo iliyomwezesha mwananchi kusoma vifungu vyenye utata na kutuma pingamizi lake kwa barua pepe hadi kwa kamati ya Bunge. Bunge lenyewe ndilo lililokuwa likiomba maoni, maana kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu kuwashirikisha wananchi. Alikamatwa tarehe 30 Mei, wikendi ndefu ya Madaraka, akazuiliwa hadi tarehe 3 Juni alipofikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Tarehe 20 Juni mahakama iliitupa kesi hiyo kwa kuwa hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote.

Nimeipima tovuti ile kwa kipimo cha kazi yetu. Ilifanya kitu ambacho karani mwenye bidii angefanya: ilimpa mtu karatasi, ikamwonyesha anwani, ikambebea barua. Kama sanduku la barua la kamati lilijaa, lilijazwa na Wakenya waliokuwa na la kusema. Mhandisi aliyejenga njia ya mwananchi kuuliza ndiye aliyelala kizuizini, na wale wanaoandika fomyula zisizoonwa na mtu hawajulikani hata majina. Huo ni mpangilio uliopinduka.

Embu tulikuwa tumeonja hofu hiyo mapema zaidi. Tarehe 21 Desemba 2024 kijana wa miaka 24 alichukuliwa mjini Embu, mchana, akiwa kwa kinyozi, katika msururu wa vijana waliotekwa baada ya kusambaza mtandaoni picha za kumkejeli Rais. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na wazazi wake hawakujua kama ana uhai. Alirudi tarehe 6 Januari. Picha za aina ile, zilizotengenezwa kwa akili unde na kumwonyesha Rais kama marehemu, sizipendi. Kwetu kifo hakichezewi, na kijana wangu akikua nitamkanya. Lakini kukosa adabu huonywa na wazazi, na kuvunja sheria huamuliwa na hakimu. Gari la watekaji, lisilo na nambari, halina nafasi katika lolote kati ya hayo. Mwezi huo huo wa Januari, Justin Muturi, mtu wa Mbeere aliyewahi kuwa Spika wa Bunge na Mwanasheria Mkuu, na wakati huo akiwa waziri, alisema hadharani kwamba mwanawe pia alikuwa ametekwa Juni 2024. Ikiwa nyumba ya Mwanasheria Mkuu haikuwa na kinga, ya mama yangu ina nini?

Ndiyo maana namwelewa mama anaponisihi. Kila ninapomtembelea hunishika mkono kabla sijaondoka na kuniambia, "Mwanangu, andika programu zako, siasa waachie wenye walinzi." Ni ombi la mapenzi, na najua halisemwi Siakago peke yake. Linasemwa Runyenjes, Chuka, Nkubu na Maua, na akina mama walioona usiku wa Desemba ule ulivyokuwa mrefu kwa mwenzao. Sibishani naye. Nilimjibu siku moja kwamba programu zangu ndizo hizo siasa, kwa kuwa kiasi anacholipia matibabu kiliamuliwa na mtu wa kazi kama yangu, na mimi nikinyamaza hakuna jirani wa kumwuliza. Hakukubali wala hakukataa. Alinifungia njugu mawe na ndengu za kupelekea watoto.

Kwangu nyumbani nimejaribu kuishi hivyo hivyo. Simu zote, yangu ikiwemo, hulazwa sebuleni saa tatu usiku. Binti yetu wa Gredi ya Tano aliuliza kwa nini, na mke wangu, ambaye ni mwalimu, alimweleza kwa subira mpaka akaridhika na usingizi na macho. Akauliza tena kwa nini baba alionekana na simu saa nne. Lilikuwa swali la haki, na tangu siku hiyo simu ya kazi nayo inalala sebuleni.

Wabunge na maseneta wetu, kutoka Mbeere hadi Igembe, watakuja kutuomba kura Agosti 2027. Kabla hawajafika, nawaomba waiweke mezani Bungeni fomyula ya kukadiria michango ya SHA, maswali yake na uzito wa kila jibu. Nakala zibandikwe katika kila zahanati na kila ofisi ya chifu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, pamoja na maelezo ya jinsi ya kudai makadirio yaangaliwe upya. Mfumo wenyewe uwe mali ya umma. Ile sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 nayo irekebishwe, ili kumjengea mwananchi njia ya kuwafikia wawakilishi wake kusiweze tena kuitwa uhalifu.

Na ninyi wahandisi wenzangu, mliosomea katika vyuo vikuu vya Nchiru, Embu au Juja, mkipewa kazi ya kuandika kanuni itakayomgusa mtu wa kawaida, andikeni pia maelezo yake kwa lugha anayoielewa, mtie majina yenu, na akiuliza pointi nane zake zimeenda wapi, mjibuni.