Nani Anashika Ufunguo wa Upelelezi?

Wako watu wasemao kwamba upelelezi wa jeshi si jambo la kuzungumzwa na raia. Wanasema hiyo ni kazi ya askari, na tuwaachie wenyewe. Sisi hatukubaliani nao. Raia ndiye alipaye kodi, na siku mambo yanapoharibika raia ndiye azikaye. Kwa hiyo juma hili twataka kuitazama Pakistan na idara yake ya upelelezi wa jeshi, Inter-Services Intelligence, ambayo dunia nzima huiita ISI.

Msomaji asiulize Pakistan yatuhusu nini. Nchi ile ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza mwaka 1947, ikarithi jeshi lenye maofisa wa Kiingereza, mafaili ya Kiingereza na mipaka iliyochorwa na Mwingereza. Nani katika Afrika ya Mashariki asiyeyajua mambo hayo?

ISI iliundwa mwaka 1948, baada ya vita vya Kashmir kuonyesha kwamba wapelelezi wa jeshi la nchi kavu, wa majini na wa anga hawakuwa wakipeana habari. Aliyeiunda hakuwa mwana wa nchi. Alikuwa Meja Jenerali Walter Cawthorn, mzaliwa wa Australia aliyebaki kulitumikia jeshi la Pakistan baada ya uhuru. Na bwana huyo huyo, miaka ya baadaye, aliongoza idara ya siri ya Australia. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Twasema tu kwamba tangu siku ya kwanza idara ile ilizoea kuwa na marafiki wa nje.

Rafiki mkubwa alikuwa Marekani. Mwaka 1954 Pakistan ilitia sahihi mapatano ya kupewa silaha, ikaingia katika umoja wa kijeshi wa Asia ya Kusini-Mashariki, na mwaka 1955 ikaingia katika Mapatano ya Baghdad. Hesabu za wawili hao hazikufanana hata kidogo. Mmarekani alikuwa akiwatazama Warusi. Mpakistani alikuwa akiitazama India. Mmoja alitaka mahali pa kusikilizia, mwingine alitaka vifaru na ndege. Kila mmoja alijua nia ya mwenzake, na kila mmoja alinyamaza. Kituo cha kusikiliza kilijengwa Badaber karibu na Peshawar, na katika uwanja wa ndege wa Peshawar ndiko ilikoruka ile ndege ya kijasusi ya U-2 iliyotunguliwa na Warusi tarehe 1 Mei 1960. Warusi walipokasirika hawakuitishia Washington peke yake. Waliutishia na mji wa Peshawar, ambao wakazi wake hawakuwa wameulizwa neno lolote juu ya ndege hiyo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1962 Wachina walipoipiga India, Marekani na Uingereza zilikimbilia kuipa India silaha. Mwaka uliofuata Pakistan ikapatana na Uchina juu ya mpaka wao. Vita vya 1965 vilipowaka kati ya Pakistan na India, Marekani ilizuia silaha kwa pande zote mbili, na mwenye kutegemea vipuri vya Marekani ndiye aliyeumia zaidi. Kabla ya mwaka 1970 kumalizika, kile kituo cha Badaber kilikuwa kimefungwa. Mwaka 1971 Pakistan ikawa mlango wa siri wa Henry Kissinger: alifika Islamabad mwezi wa Julai, ikatangazwa kwamba tumbo linamuuma, kumbe yuko ndani ya ndege kwenda Peking.

Hata hapo hatuoni la kulaumu. Nchi changa haiwezi kufunga ndoa ya maisha na taifa kubwa. Kubadili marafiki ni haki ya kila taifa huru. Bali tazama jambo moja lililotokea wakati huo huo ambapo wakubwa walikuwa wakijivunia ujanja wao wa Peking. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 serikali ya kijeshi ya Yahya Khan ilitazamia kwamba hakuna chama kitakachopata wingi wa viti. Chama cha Awami League kikachukua viti 160 kati ya viti 162 vya upande wa mashariki, kikawa na wingi katika bunge lote. Mashushushu waliokuwa na masikio ya kusikia Moscow hawakuwasikia watu wao wenyewe. Jeshi likakataa matokeo, damu nyingi ikamwagika, na tarehe 16 Desemba 1971 likasalimu amri mjini Dhaka. Nusu ya nchi ikaondoka na kuwa Bangladesh.

Sasa twafika mahali ambapo idara hii ilipata nguvu iliyo nayo. Jenerali Zia ul-Haq alikuwa ameipindua serikali mwaka 1977, na mwezi wa Aprili 1979 akamnyonga Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu aliyempindua. Mwezi huo huo Marekani ilikata msaada kwa sababu ya mpango wa bomu la atomiki. Zia alikuwa peke yake kabisa. Lakini Desemba 1979 Warusi wakaingia Afghanistan, na mtu aliyekuwa hatakiwi akatakiwa. Rais Carter akampa ahadi ya dola milioni 400. Zia akasema hizo ni karanga tu. (Carter mwenyewe alikuwa mkulima wa karanga, basi huenda neno lilimchoma.) Mwaka 1981 Rais Reagan akatoa ahadi ya dola bilioni 3.2 kwa miaka sita, na nchi ya Saudia ikawa inatia dola moja katika vita kwa kila dola ya Marekani.

Yafaa tuelewe mpango ulivyokuwa, kwa maana ndio kiini cha habari yote. Zia alitoa sharti: fedha na bunduki za Wamarekani zipitie mikononi mwa ISI, na Wamarekani wasishughulike moja kwa moja na wapiganaji wa Afghanistan. Sharti hilo, kwa macho ya utaifa, lilikuwa zuri. Nani angependa wageni watembee nchini mwake wakigawa silaha? Lakini fedha hizo hazikuwa katika hesabu ambayo raia wa Pakistan angeweza kuikagua. Jenerali Akhtar Abdur Rahman, mkuu wa idara tangu 1979 hadi 1987, ndiye aliyeamua chama gani cha Waafghani kipewe nini. Vilitambuliwa vyama saba, na fungu kubwa lilikwenda kwa Gulbuddin Hekmatyar, si kwa kuwa Waafghani walimchagua, bali kwa kuwa idara ilimwona anaifaa. Hivyo ofisi ya jeshi ikawa na hazina yake, mabohari yake, na marafiki wake wa nje ambao hakuna waziri aliyewapanga. Raia wa Rawalpindi na Islamabad walipata habari za mabohari hayo tarehe 10 Aprili 1988, wakati ghala la silaha la Ojhri lilipolipuka na makombora yakaanguka juu ya nyumba zao.

Warusi wakaondoka Februari 1989. Oktoba 1990 Marekani ikakata msaada tena kwa sababu ile ile ya bomu, ikazuia hata ndege za F-16 zilizokwisha kulipiwa. Serikali ya nchi ilibaki bila rafiki. ISI haikubaki bila rafiki. Ilikuwa na watu wake milimani, ilikuwa na njia zake, na kutoka mwaka 1994 ikawashika mkono Wataliban waliotokea Kandahar. Walipoiteka Kabul mwaka 1996, Pakistan ilikuwa moja ya nchi tatu tu duniani zilizowatambua, mwaka uliofuata.

Na hapa lazima sisi watu wa siasa tujitazame, kwa sababu ni rahisi kuwalaumu askari peke yao. Ilielezwa mahakamani kwamba Bhutto mwenyewe, mtu wa chama, mtu wa kura, ndiye aliyeipa idara hii kazi ya kuchungua siasa za ndani. Aliona itamfaa. Mwaka 1990 idara hiyo ikagawa fedha kwa wanasiasa ili chama cha binti yake, Benazir, kishindwe katika uchaguzi. Mahakama Kuu ya Pakistan ilisema hivyo mwaka 2012, baada ya kesi kukaa miaka kumi na sita. Silaha aliyoinoa baba ilimkata mtoto.

Tarehe 11 Septemba 2001 mkuu wa ISI, Jenerali Mahmud Ahmed, alikuwa Washington kwa mazungumzo. Aliambiwa kwamba nchi yake ichague upande. Jenerali Musharraf akachagua Marekani, na mwezi wa Oktoba, mabomu yalipoanza kuanguka Afghanistan, Mahmud akaondolewa kazini. Je, idara iligeuka? Iligeuka, na haikugeuka. Mikono yake ilisaidia kumkamata Abu Zubaydah huko Faisalabad mwaka 2002 na Khalid Sheikh Mohammed huko Rawalpindi mwaka 2003, na Wamarekani wakashukuru na kulipa. Wakati huo huo wakubwa wa Taliban wakaishi Quetta. Mwaka 2010 Mullah Baradar alikamatwa Karachi. Mwaka 2018, Wamarekani walipotaka mtu wa kuzungumza naye, akafunguliwa. Na Februari 2020 akatia sahihi mapatano na Marekani yenyewe huko Doha. Mfungwa aliwekwa kama akiba ya chakula, mpaka bei ilipopanda.

Wako watakaosema huo ndio uhodari. Sisi twawauliza: uhodari kwa faida ya nani? Tarehe 2 Mei 2011 Osama bin Laden aliuawa Abbottabad, mwendo mfupi kutoka chuo cha maofisa wa jeshi. Ama idara ilijua, ama haikujua, na majibu yote mawili ni aibu. Wanamgambo waliojikusanya mwaka 2007 kwa jina la Taliban wa Pakistan hawakutofautisha rafiki wa idara na adui wa idara. Tarehe 16 Desemba 2014 waliingia katika shule ya jeshi mjini Peshawar wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao wanafunzi. Mwalimu yeyote asomaye gazeti hili na alitazame darasa lake, ahesabu.

Baada ya Kabul kuanguka Agosti 2021, mkuu wa ISI wa wakati huo, Jenerali Faiz Hameed, alipigwa picha katika hoteli ya Kabul akiwa na kikombe cha chai, akisema mambo yatakuwa sawa. Hayakuwa sawa. Mashambulizi ndani ya Pakistan yakaongezeka, na Oktoba 2025 majeshi ya Pakistan na watu wale wale wa Taliban walipigana mpakani. Hameed mwenyewe alikamatwa na jeshi lake Agosti 2024. Mwaka ule wa chai, Waziri Mkuu Imran Khan alipotaka abaki kazini na mkuu wa majeshi akataka aondoke, walivutana majuma matatu, kisha akateuliwa mtu aliyetakiwa na jeshi. Miezi sita baadaye Imran Khan hakuwa waziri mkuu tena.

Yalikuwapo majaribio ya kuirudisha idara mikononi mwa waliochaguliwa. La wazi kuliko yote ni la Julai 2008. Askari walikuwa wameshindwa katika uchaguzi wa mwezi wa Februari, chama cha marehemu Benazir kilikuwa madarakani, na Waziri Mkuu Gilani alikuwa akisafiri kwenda Washington. Jumamosi tarehe 26 likatolewa tangazo la serikali kwamba ISI itakuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, katika utawala, katika fedha na katika kazi. Hazikupita saa nyingi serikali ile ile ikatoa tangazo la pili. Lilisema kwamba la kwanza limeeleweka vibaya.