Mwezi wa Vitabuni na Mwezi Wetu

Vitabu vingi vya picha kuhusu anga tunavyosoma vimechorwa Ulaya au Marekani. Humo mwezi mchanga umesimama wima kama herufi C iliyogeuzwa. Toka nje jioni: kwetu, karibu na Ikweta, mara nyingi umelala kama mtumbwi. Nyota ya Kaskazini inayosifiwa humo, ukiwa Dar es Salaam huioni kabisa.

Mimi sisemi tuvitupe. Picha ya Zohali na pete zake inamfanya mtoto aulize, na hilo ni jambo kubwa. Shida ni mtoto kuamini kitabu kuliko macho yake. Huyo hajifunzi sayansi, anakariri tu.

Na vya kuchora tunavyo: Kilimia, nyota zilizopata jina kutokana na kulima, na kimondo cha Mbozi kule Songwe, chuma cha tani kama 16.

Wenzangu wa ualimu, tukienda field tusingoje wachapishaji. Mwezi ukiandama, wanafunzi wauchore kila jioni kwa wiki mbili, halafu walinganishe na kitabu. Wakikuta tofauti, usiwape jibu haraka. Waache wabishane kwanza.