Mbwa wa Walikale, atabaki na nani?



Tangu juma iliyopita hakuna habari ingine mu refektwari isipokuwa ile ya mbwa. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Walikale, amepewa na babu yake mwindaji mtoto wa mbwa: rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe, miguu myeupe kama amevaa soksi, masikio yamesimama wima, mkia umejikunja juu ya mgongo kama konokono. Ameomba ruhusa amlete hapa internati. Wengi wamekwisha kusema ndiyo. Sisi wakapita pamoja na wafinalisti tumeombwa kutoa wazo letu mbele ya mkutano wa siku ya tano. Wazo letu ni hili: tusiseme ndiyo mpaka tujue atabaki na nani.

Kwanza tuwajibu wale wa Goma wanaocheka. Wanasema, "Ile ni imbwa ya bashenzi, haiko hata na sauti. Kama tunataka imbwa ya rasi, tutafute ya Wazungu." Kumbe hawajui wanalosema! Mbwa huyu mdogo wa pori ya Kongo ni mmoja wa mbwa wa rasi wanaojulikana dunia nzima, na jina lake kule ni hilo hilo la matusi: Basenji. Wageni walisikia mbwa wa watu wa vijijini wakiitwa hivyo, wakaliandika katika vitabu vyao. Mwaka 1895 walipeleka wachache Uingereza, wakawaonyesha ku maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1923 mama mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, alileta sita kutoka Sudani. Wakapigwa sindano ya chanjo ambayo siku zile ilikuwa bado mpya, wote sita wakafa. Ni mwaka 1937 tu ndipo wale wa Bibi Olivia Burn, waliotoka Kongo, walionyeshwa Crufts na ukoo ukaendelea.

Tena kuna jambo ambalo lingetufanya tunyamaze kidogo. Mbwa wote wa ng'ambo walizaliwa na wazazi wachache sana, wakaoana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa figo ukaenea kati yao. Basi mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi huku kwetu, wakati nchi ikiitwa Zaire, wakatembea vijijini kutafuta damu mpya kwa wawindaji. Mwaka 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika mbwa wale katika kitabu chake. Wenye karatasi walikuja kuomba kwa wasio na karatasi. Sisi tunacheka!

Lakini wengine wamesikia habari hiyo na wameanza hesabu ya dola. Mmoja alisema tumlee mpaka akue, tumuuze Goma kwa mgeni. Wandugu, mtoto huyu hana karatasi yoyote, na hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba nyanya yake hakukutana na mbwa wa barabarani. Kama tunamtaka kwa sababu ya bei, afazali abaki kwa babu.

Sasa tuseme neno ambalo halituletei sifa. Mwaka jana tulikuwa na mbwa. Wakubwa wanamkumbuka, yule mdogo mweupe wa manyoya marefu, aliyetoka Goma kwa jamaa moja iliyokuwa inahama. Tulimpokea kwa shangwe, tukamwita Pamba. Juma ya kwanza alikula sambaza mikononi mwetu, watu wakagombana nani atalala naye. Kisha mvua za Masisi zikaanza. Manyoya yakashikana kama kamba, funza zikaingia miguuni, na hakuna aliyekuwa na kitana wala nafasi. Kila mtu alifikiri mwingine amemlisha. Mwisho wa mwaka tulifunga masanduku, tukapanda pikipiki na malori, tukaenda vakanse. Mama wa zamu alituambia mwezi wa tisa ya kwamba mbwa alikaa ku mlango wa refektwari siku nyingi, kila asubuhi pale pale, akingoja tufungue. Mama alimpa alichoweza. Siku moja hakumwona tena. Hatujui kama alikufa ama alichukuliwa. Hatukuliandika jambo hili katika gazeti wakati ule, na sisi tulikuwa wakapita.

Ndiyo sababu tunauliza juu ya miaka. Basenji akitunzwa vizuri anaishi kama miaka 12, hata 14. Sekondari yote ni miaka 6. Mwanafunzi anayeingia leo akiwa mdogo kabisa atatoka na diploma, na aliyeingia nyuma yake naye atatoka, na mbwa bado yupo. Sisi wafinalisti tunapiga kelele kuliko wote kwamba aletwe, nasi kisha Exetat hatutaonekana tena hapa! Mtu anayepita hawezi kuahidi miaka ya mnyama. Na nchi yetu tunaijua: mwezi wa tatu 2025, vita ilipofika Walikale-centre, watu walikimbia na watoto mgongoni. Hatumhukumu mtu aliyeacha mbwa siku ile. Lakini kuacha kwa sababu ya vakanse ni jambo lingine.

Wale wanaomtaka alinde dortwari usiku, wasimtegemee. Huyu habweki kama wengine. Si bubu, analia kwa sauti kama mtu anayeimba vibaya, lakini mwizi hatakimbia kwa hiyo. Kwa ajili hiyo wawindaji wa pori wanamfunga kengele ya mti shingoni, wasikie amepita wapi. Kazi yake ni kufukuza. Ana mbio, anapanda, anaruka, na kuku wa mama wa pasta wako karibu sana na uwanja wetu. Tena amezoea joto la pori. Nywele zake ni fupi. Hapa kwetu milima inapita mita 2,000, na usiku wa mvua hata sisi tunalala na majaketi. Atahitaji fasi kavu na gunia, ndani ya nyumba ya mtu.

Babu asiharakishwe pia. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Chakula chetu cha internati kinaweza kumfaa kwa sehemu, bugali na ndagala, lakini si mabaki ya sufuria yenye vitunguu, kwa maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Wala mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka na kutoboa tumbo. Dawa ya minyoo apewe mapema, maana minyoo yake inaingia hata kwa watoto.

Jambo la mwisho si la kuchekea hata kidogo: kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa na ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi, ni mara chache mno. Chanjo ya mtu iko tangu Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister mwaka 1885, lakini kuipata kutoka hapa, na barabara zetu hizi, ni safari. Kwa hiyo mbwa achanjwe kwanza akiwa na miezi mitatu, na arudiliwe wakati muganga wa nyama atakaosema. Na kila mtu hapa, mdogo na mkubwa, ajue tangu leo: ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbilia kituo cha afya siku ile ile. Usifiche kwa kuogopa azabu. Papa Prefe ametuahidi hakuna azabu kwa atakayesema.

Basi mapendekezo yetu. Mbwa awe wa mtu anayeishi hapa mwaka mzima, si wa shule, kwa maana kitu cha shule hakina mwenyewe. Papa zamu na mama wamekubali kumpokea, wakasema wazi hawana feza ya chanjo. Sisi wanafunzi tutoe franga 200 kila mmoja kwa mwezi, ziwekwe kwa ekonomu, ziandikwe. Wanaokaa karibu wamsaidie mama mwezi wa saba na wa nane. Kama hayo hayapatikani, tumwandikie babu barua ya shukrani na mbwa abaki Walikale, ambako ana mama yake na kazi yake.

Karatasi ya majina imebandikwa ku mlango wa refektwari, kalamu imefungwa na uzi pale pale. Kufika jana jioni ilikuwa na majina 41 ya wanaotaka kuchagua mbwa ataitwa nani, na majina 2 ya watakaokuwa hapa wakati wa vakanse.