Kung'oa Milango si Tiba

Ni ada ya Waswahili kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Mfumo wa Linux nao una hodi yake. Mtu anapoomba ukurasa wa tovuti, seva huenda kuuchukua. Ikizuiwa, mgeni hurudishiwa jibu kavu lenye nambari 403, yaani hakuna ruhusa. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanaojifunza kutunza tovuti hutaharuki na kukimbilia dawa inayosifiwa kila pembe: chmod 777. Ukurasa hufunguka, nao hushangilia. Je, maradhi yametibiwa?

Jibu limo katika nambari zenyewe. Kila faili ina mmiliki na kikundi chake, kisha kuna watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Jumla yake ni 7. Anayetoa 777, basi, amempa kila mtumiaji na kila programu iliyomo katika mashine uwezo wa kusoma na hata kubadilisha kazi yake. Programu moja ikiwa na kasoro, mhalifu aliyepenya kupitia kwayo ataziandika upya kurasa apendavyo. Mwenye kung'oa milango yote kwa kupoteza ufunguo mmoja asimlaumu mwizi.

Wapo watakaodai kwamba mashine ya mwanafunzi haina cha kuibwa. Hoja hiyo haina mashiko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: anayezoea 777 leo ndiye atakayekabidhiwa kesho seva yenye matokeo ya mitihani au rekodi za wagonjwa.

Njia iliyo bora ni kuutafuta mlango uliofungwa. Katika Debian na Ubuntu, seva ya Apache huandika makosa yake katika faili ya /var/log/apache2/error.log, nayo hutumia jina la www-data. Baada ya kuisoma faili hiyo, inafaa njia nzima ikaguliwe kwa amri ya namei -l, kwa maana ruhusa ya kutekeleza, inapohusu folda, ndiyo ruhusa ya kupita. Folda moja ya juu ikifungwa, seva haifiki, hata ukurasa wenyewe uwe na 777. Ndiyo sababu tovuti iliyowekwa katika folda ya nyumbani ya mtumiaji mara nyingi hugoma. Tangu toleo la 21.04 la mwaka wa 2021, Ubuntu huwafungia wengine folda hizo inapozianzisha. Kwa kawaida 755 kwa folda na 644 kwa faili hutosha, na faili yenye neno la siri hubanwa zaidi. Ruhusa zote zikiwa sawa, katazo hutafutwa katika mipangilio ya Apache au, kwa Fedora, katika ulinzi wa SELinux.

Mmiliki, kikundi, ruhusa, kupita: yote haya ni maneno ya Kiswahili cha kila siku. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kuonyesha njia mwaka wa 2004 kwa kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kilichobaki ni wapenzi wa lugha hii kuyafundishia maneno hayo, ili kijana aelewe nambari kabla ya kuiandika. Asiyejua maana haambiwi maana.