Vita vya Msalaba vilifika Mombasa

Jerusalem na Jericho ni mitaa jirani ya Eastlands, Nairobi. Makondakta huyataja majina hayo kutwa nzima na abiria hushuka na mizigo yao bila kuwaza lolote kuhusu Palestina. Jerusalem ile nyingine, ya enzi za kati, vijana wengi wa mitaa hii wameijua kupitia filamu: farasi wakubwa, deraya zinazong'aa, bendera ya msalaba. Picha hiyo ina kasoro mbili kubwa. Inaficha kilichowaua watu, na inaiweka Afrika Mashariki nje ya kisa ambacho nayo ilikilipia kwa damu.

Mapigano ya Hattin yanaonyesha kasoro ya kwanza. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1187, jeshi la wapiganaji wa msalaba la Mfalme Guy wa Jerusalem, lililokadiriwa kuwa na watu 20,000 hivi, lililala bila maji kwenye uwanda mkavu magharibi ya Ziwa la Galilaya. Lilikuwa limeziacha chemchemi za Saffuriya likikimbilia kuuokoa mji wa Tiberia, na sultani wa Kiislamu Salahuddin alikuwa akilingoja kosa hilo hilo. Wapiga mishale wake waliokuwa juu ya farasi waliusumbua mkia wa msafara ili mwendo uzidi kuzorota. Vikosi vingine vilifunga njia ya kwenda majini. Kisha nyasi zikawashwa moto, na moshi ukawafuata watu ambao koo zao zilikuwa zimekwisha kukauka.

Deraya iliyomkinga mpiganaji na mshale ilimchoma katika jua la Julai. Askari wa miguu walikata tamaa, wakapanda kilima na kukataa kurudi vitani. Farasi walipigwa mishale mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa wakisifiwa kwa kishindo cha mbio zao wakajikuta chini kwenye vumbi, hawana nguvu. Baada ya ushindi, zaidi ya Watempla na Wahospitali 200, wapiganaji watawa wa msalaba, walikatwa vichwa. Askari wa kawaida waliuzwa, na walikuwa wengi mno hata bei ya mtumwa ikaporomoka katika soko la Dameski. Filamu ya Kingdom of Heaven ya mwaka 2005 iliyaruka mapigano yenyewe na kuonyesha maiti tu. Katika hilo, waliotengeneza filamu waliukaribia ukweli.

Kasoro ya pili inatuhusu moja kwa moja. Shirika la Templa lilipofutwa mwaka 1312, mali zake nchini Ureno zilirithiwa na Shirika la Kristo, lililoundwa mwaka 1319. Msalaba mwekundu wa shirika hilo ndio uliochorwa kwenye matanga ya meli za Ureno zilizoingia Bahari ya Hindi. Mwaka 1455 Papa Nikolasi wa Tano aliwapa Wareno idhini ya kuwavamia Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani. Mfalme Manuel wa Kwanza aliota kuitwaa Jerusalem kwa kupitia Bahari ya Shamu. Mabaharia wake waliifuata ndoto hiyo, pamoja na dhahabu ya Sofala na viungo vya India, kwa njia iliyopita Kilwa na Mombasa.

Francisco de Almeida aliondoka Lisbon Machi 1505 akiwa na meli zipatazo 20 na askari 1,500 hivi. Kilwa ilianguka Julai bila upinzani mkubwa. Mombasa ilikataa. Wenyeji walikuwa na ngome ndogo yenye mizinga iliyoopolewa kutoka meli ya Wareno iliyoharibika pwani miaka michache kabla, na walikuwa wamekusanya mamia ya wapiga upinde kutoka bara. Mzinga wa melini ulipoipiga baruti ya ngome ile, ulinzi wa bandari ulikwisha.

Almeida hakuingia mjini mara moja. Alitangulia kutuma watu watie moto nyumba za udongo na makuti, zikawaka usiku kucha. Kulipopambazuka Agosti 15, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha kupalizwa kwa Bikira Maria, askari walishuka pande mbili, upande mmoja wakiongozwa na mwanawe Lourenço. Vichochoro vilikuwa vyembamba, na kutoka juu ya nyumba za mawe wenyeji waliporomosha mawe na mishale. Ulikuwa mpango mzuri wa kuulinda mji wa aina ile. Lakini baraza na roshani zilizochomoza ukutani ziliwapa wavamizi kivuli cha kujikinga, nao wakasonga nyumba kwa nyumba hadi ikulu.

Taarifa inayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwemo katika msafara huo, inahesabu wenyeji 1,513 waliouawa na Wareno watano. Hesabu hiyo ni ya mshindi, na inastahili kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo sultani wa Mombasa, aliyekuwa amekimbilia kwenye minazi nje ya mji, alimwandikia mwenzake wa Malindi kwamba uvundo wa maiti ulimzuia kurudi ndani. Mamia ya watu walitekwa, wengi wao wanawake na watoto. Mchele, asali, siagi na vitambaa vya biashara vilibebwa hadi meli zikashindwa kupokea zaidi.

Ni kosa kuyasoma haya kama kesi ya Mkristo dhidi ya Mwislamu. Malindi, mji wa Waislamu, ilikuwa rafiki wa Wareno kwa sababu ya uhasama wake na Mombasa. Mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba waliipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Panapo ngawira, msalaba uliweza kugeuzwa upande wowote.

Mwanafunzi wa Kenya hukutana na Wareno katika swali la mtihani: eleza sababu zilizowafanya waishinde pwani. Anaandika silaha bora, meli kubwa, mgawanyiko wa miji, anapata alama zake na kusonga mbele. Moto wa usiku haumo. Kati ya waliotekwa, hayumo hata mmoja. Historia inayofundisha mbinu bila gharama inamfundisha kijana kumhusudu jemadari.

Na Eastlands isingepaswa kuridhika na hilo, kwa sababu imepitia mbinu ya aina hiyo hiyo milangoni pake. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, Jenerali George Erskine wa Uingereza aliifunga Nairobi kwa askari wapatao 25,000 katika Operesheni Anvil, msako dhidi ya Mau Mau. Mitaa ya Waafrika ilizingirwa na kupekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, waliotikisa kichwa tu kumtaja mtu. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini, na familia zikabaki kujua baadaye nani yuko Manyani na nani Mackinnon Road.

Maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa miaka ya hivi karibuni, zina meza na zina wasomaji vijana. Zinaweza kuitenga Agosti 15 ya kila mwaka: ramani ya Mombasa ya 1505 itandazwe mezani, na wazee wachache waliobaki, waliokuwa watoto wa Bahati na Pumwani mwaka 1954, waalikwe wasimulie ya kwao wakati bado wapo.