Kabla ya msimu wa kahawa, fungua sampu badala ya kununua chupa

Msimu wa kahawa mkoani Kagera hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na kuanzia hapo magari ya Karagwe na Kyerwa hayapumziki. Canter na Fuso hubeba kahawa ya maganda kutoka Kaisho, Mabira na Nkwenda, na yakirudi hupakia saruji, mabati na soda. Ndizi na maharage nayo yanasubiri. Mwenye gari akikosa siku moja barabarani anaona mzigo wake unakwenda kwa jirani, hivyo kumwaga oili kunaahirishwa wiki hadi wiki.

Ni katika kipindi hicho dawa za kusafisha injini hupata wateja. Chupa ndogo, maandishi makubwa, ahadi ya kuondoa tope na masizi kwa dakika 15. Hoja yangu ni kwamba kwa mazingira yetu fedha hiyo ina kazi bora zaidi, na kwa injini iliyochoka dawa hiyo inaweza kuleta hasara kubwa kuliko ile unayoikimbia.

Kwanza tuelewe tope linatoka wapi. Oili ikikaa kwenye injini ya moto kwa muda mrefu huungua polepole na kuwa nzito. Humo huingia masizi ya dizeli, mafuta yasiyoungua na matone ya maji. Oili nzuri ina kemikali zake za kusafisha na kushikilia uchafu usigande, lakini kemikali hizo huisha. Zikiisha, uchafu hutulia kwenye sampu na kwenye kifuniko cha valvu kama ugali mweusi. Kwa maneno mengine, oili mpya ndiyo dawa ya kusafisha, na tayari umeilipia.

Dawa za dukani si za aina moja. Ipo ya kutia kwenye tangi la petroli, ambayo husafisha nozeli na valvu. Hii ina msingi wa kisayansi. Tangu Januari 1995 Marekani inalazimisha petroli inayouzwa kwa magari iwe na kemikali ya kuzuia utando. Ipo ya kuacha ndani ya oili moja kwa moja, ikidai kulinda injini isilike. Hapo ahadi zimewahi kuzidi ukweli: mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya watengenezaji wa Slick 50 kwa matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1997. Ya tatu ni ile ya kumimina kwenye oili chafu, kuacha injini iungurume dakika chache, kisha kumwaga vyote. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi.

Dawa hii hulainisha tope. Kwenye injini iliyotunzwa haina tatizo kubwa, ila injini ya namna hiyo haiihitaji. Kwenye injini iliyojaa tope, vipande hubanduka na kwenda kuziba wavu mdogo ulio mdomoni mwa bomba linalonyonya oili kutoka kwenye sampu. Pampu ikikosa oili, taa nyekundu inawaka, beringi zinasagika, na injini inanoki. Wapo hata wanaotumia mafuta ya taa badala ya dawa ya dukani. Hao wanaifanya oili kuwa nyepesi kama maji wakati vyuma vinasuguana.

Sasa tuingie kwenye uchumi wenyewe. Chupa ya namna hii inaeleweka katika nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali sana. Huko, kukwepa kufungua injini ni kuokoa fedha nyingi. Karagwe hali ni kinyume: ufundi ni nafuu, injini ndiyo ghali. Fundi wa Omurushaka au Kayanga anaweza kushusha sampu, akakomba tope kwa mkono, akaosha ule wavu na kuweka gasketi mpya. Tope linatoka ukiliona, halibaki njiani. Tunanunua suluhisho la watu wenye tatizo tofauti na letu.

Aidha, moshi mweusi usikufanye ukimbilie chupa. Sehemu kubwa ya nyanda za Karagwe ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo injini ya dizeli isiyo na taabo ikipanda mlima na mzigo hutoa moshi zaidi. Kati ya Juni na Agosti vumbi la barabara za changarawe huziba filta ya hewa. Anza na filta hiyo, kisha peleka nozeli zikapimwe. Na ukiona utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, huenda maji yanaingia kwenye oili. Hakuna chupa inayotibu gasketi iliyoungua.

Tufanye hesabu ya mfano. Wewe weka bei za dukani kwako. Canter inachukua lita 7 za oili kwa Sh10,000 kila lita, na filta ya Sh20,000. Jumla ni Sh90,000. Ukimwaga kila baada ya kilomita 5,000, gharama ni Sh18 kwa kilomita. Safari ya kilomita 100 kwenda na 100 kurudi ni Sh3,600. Gari likiwa na tani 3, yaani magunia 50 ya kilo 60, oili na filta vinagharimu Sh72 kwa gunia. Hakuna mfanyabiashara anayefilisika kwa Sh72 kwa gunia. Wanafilisika kwa ovahoo ya mamilioni katikati ya Julai, ndizi zikiivia kwenye bodi.

Gari linalotembea kilomita 150 kwa siku linamaliza kilomita 5,000 kwa siku 33. Kumbuka basi: kila mwezi wa msimu una tarehe yake ya kumwaga oili, na tarehe hiyo iandikwe kwenye dashibodi. Kazi ya kufungua sampu ifanyike Aprili, mvua zinaponyesha na mizigo ni michache. Kwa injini iliyokuwa na tope, mwaga oili mpya mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, na ubadilishe filta tena.

Kuna jambo jingine linalowezekana kwa pamoja. Wakulima wetu wamezoea kuuza kahawa kupitia vyama vya msingi na KDCU. Wenye magari wanaobeba kahawa hiyo nao wanaweza kuungana watu kumi na kununua pipa la lita 200 kutoka kwa wakala anayejulikana. Watapata bei ya jumla, na watakwepa oili ya kopo lililofunguliwa na kujazwa tena.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari wa Kyerwa anayesubiri Mei, fedha ya chupa aiongeze kwenye oili na filta, na Aprili ampe fundi spana.