Mtoto wa miezi mitatu hawezi kungojea soko lifungwe

Kuna jambo linalotendeka kila asubuhi katika avenyu zetu hapa Goma, nalo halisemwi kwenye mikutano. Alfajiri mama anaamka, anamkabidhi mtoto mchanga kwa jirani, anatelemka Kituku kungojea sambaza, au anaelekea Birere, au anakwenda kubeba mizigo ya watu. Anarudi jioni na unga wa siku moja. Kati ya alfajiri na jioni, mtoto yule amekula nini?

Sisemi juu ya mtoto wa mwaka mmoja anayeweza kumega bugali. Nasema juu ya mtoto wa miezi miwili, mitatu, minne. Katika nyumba nyingi jibu linajulikana: maji ya sukari ili anyamaze, uji mwepesi, chai ya maziwa, au biberoni ya maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Baada ya siku chache tumbo linaharibika. Mama anamwambia jirani: “Nilikuachia mtoto mzima.” Jirani anajibu: “Uliniachia mtoto bila chakula chake.” Wanagombana, na kesho yake mama anatafuta jirani mwingine, ambaye atafanya vilevile.

Mimi naona jirani amesema kweli. Ugonjwa wa mtoto huyu hautoki kwenye roho mbaya ya anayemlinda, wala kwenye uzembe wa mama anayetafuta riziki. Hawa wawili walipatana juu ya saa, juu ya faranga, juu ya vitambaa vya kubadilisha. Juu ya maziwa hawakupatana. Maoni yangu ni haya: mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asiachwe kwa mtu yeyote bila mpango wa maziwa ya mama yake, na mpango huo usiwe mzigo wa mama peke yake.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, bila maji, bila uji, bila chai. Baada ya hapo aanze chakula kingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Wengine wanasikia neno hilo kama wimbo wa waganga. Lakini tuangalie mji wetu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, familia nyingi zinachota maji ya ziwa kwa bidoni, na kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa sura. Maji unayomchanganyia mtoto sukari ndiyo maji hayo hayo. Maziwa ya mama ndiyo chakula pekee nyumbani ambacho hakikupita kwenye bidoni. Ndani yake mna maji ya kutosha, hata mchana wa jua kali, na mna kinga dhidi ya magonjwa. Kila kijiko cha maji ya sukari kinajaza tumbo dogo bila kulilisha, na kinapunguza hamu ya kunyonya jioni mama anaporudi.

Najua majibu yatakayokuja. Wazee watasema: “Sisi tulikunywa uji tukiwa wachanga, na tuko hai.” Kweli, mko hai, na tunamshukuru Mungu. Lakini wanaotoa ushuhuda huo ni wale waliopona. Wale ambao hawakupona hawako barazani pamoja nasi ili waseme yao.

Mama aliyekimbia vita atasema: “Sina maziwa, kwa sababu sina chakula.” Neno hilo nalipokea kwa heshima, maana njaa si hadithi. Mama anayenyonyesha anastahili kula kwanza nyumbani, na wanaogawa chakula wamhesabu hivyo. Lakini mwili wa mama unaendelea kutengeneza maziwa hata anapokula vibaya, isipokuwa amedhoofika kupita kiasi. Hofu na huzuni zinaweza kuchelewesha maziwa kutoka, ila hazikaushi titi. Kinachokausha titi ni kukaa siku nzima bila kunyonywa wala kukamuliwa. Titi likitolewa maziwa, linajaa tena. Likiachwa limejaa kila siku, linaacha kutengeneza. Kwa hiyo dawa ya mama mwenye njaa ni kumlisha mama. Biberoni haimshibishi yeye, na mtoto inamletea hatari.

Sasa mpango wenyewe ukoje? Kwanza, mama anyonyeshe kabla tu ya kutoka, na mara tu anaporudi kabla ya kuinjika sufuria. Usiku amweke mtoto karibu na amnyonyeshe mara nyingi, kwa sababu kunyonya usiku kunasaidia sana maziwa yasipungue. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mara anazozikosa mchana anaweza kufidia kiasi fulani usiku.

Pili, mama akamue maziwa ya kuacha. Anaosha mikono kwa sabuni na kuchukua chombo chenye mfuniko kilichochemshwa. Anaweka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini yake, anasukuma kuelekea kifuani, kisha anakamua na kuachia, akizunguka titi lote. Siku za kwanza yatatoka matone tu. Baada ya siku chache mkono unazoea. Kwa wastani mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa karibu mililita 750 kwa siku nzima. Mama akiwa mbali theluthi ya siku, yaani saa 8, mtoto anahitaji karibu mililita 250, robo ya lita. Si lazima yakamuliwe mara moja. Kidogo usiku, kidogo alfajiri, kiasi kinapatikana. Lakini saa za kuhifadhi zihesabiwe vizuri: nje ya friji, mahali pa kivuli, chombo kikiwa kimefunikwa, saa 4 ni kipimo cha usalama. Kwa hiyo yaliyokamuliwa mwanzo wa usiku ni ya kulisha usiku uleule. Ya alfajiri ndiyo yanaachwa, na yanafika mpaka katikati ya asubuhi. Ndiyo sababu, kwa mama anayeshinda sokoni, kukamua peke yake hakutoshi. Lazima mtoto na mama wakutane angalau mara moja mchana. Nitarudi hapo.

Tatu, anayelinda mtoto atumie kikombe, si biberoni. Biberoni ina kona na tundu ambavyo maji ya baridi na kidole havifiki, na humo vijidudu vinazaa. Kikombe kidogo kinaoshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yaliyochemka, basi. Mtoto anakalishwa wima kiasi, mdomo wa kikombe unagusa mdomo wake wa chini, naye mwenyewe analamba na kuvuta. Asimwagiwe mdomoni. Maziwa yasichemshwe. Yakiwa baridi, chombo kinatiwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Yakibaki kwenye kikombe baada ya mtoto kushiba, yasiwekwe kwa ajili ya baadaye.

Hapo nakuja kwa yule jirani mwenyewe. Tumezoea kumpa mia chache za faranga, au sambaza wa kuonja, au “Mungu akubariki”. Mama huyu analinda watoto watatu, wanne, pamoja na wake. Tunataka aoshe mikono, achemshe vikombe, akae dakika 20 na kila mtoto mchanga. Hiyo ni kazi, tena kazi yenye makaa na sabuni ndani yake. Asiyelipwa hana makaa, na asiye na makaa hachemshi kikombe. Vikundi vyetu vya akiba, hizi AVEC ambamo wamama wanaweka faranga kila wiki, vingeweza kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya sabuni na makaa ya mama anayelinda watoto wa wanachama. Nao wahudumu wa afya wa mitaa, wale tunaowaita reko, wamhesabu katika ziara zao. Wanamfundisha mama kwenye kituo cha afya siku ya kupima watoto kilo, halafu mchana mtoto yuko mikononi mwa mtu ambaye hakufundishwa na yeyote.

Na pale ambapo mlinzi ni msichana wa miaka tisa, tusijidanganye. Mtoto huyo hawezi kubeba jukumu la uhai wa mdogo wake, na nafasi yake ni shuleni. Baba aliyebaki nyumbani bila kazi anaweza kushika kikombe. Hakuna desturi ya mababu inayosema mkono wa mwanaume unaharibu maziwa.

Kwa kamati za masoko nina ombi moja. Acheni tusimtenge mtoto na soko kama vile ni maadui. Kila soko kubwa, Virunga, Alanine, Kituku, lina mama wanaonyonyesha kila siku, na wote wanalipa kodi ya meza au ya mahali pa kuketi. Banda moja lenye kivuli, mkeka, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni, na mama mmoja au wawili wa kulinda wanaolipwa na wanachama, si mradi wa kungoja wafadhili. Mtoto akiwa hatua mia moja kutoka kwenye meza ya mama yake, mama anakwenda kunyonyesha robo saa, jirani wa meza anamuuzia, na shida ya kuhifadhi maziwa inapungua sana. Ikiwa banda haliwezekani leo, basi mlinzi mtu mzima alete mtoto mchana, saa iliyokubaliwa, mahali palipokubaliwa.

Kwa wakubwa wa kazi nawakumbusha sheria. Kanuni ya kazi ya nchi yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mwanamke wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na anaponyonyesha anayo haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Fanyeni hesabu: hata kama wiki zote 14 zingekuwa baada ya kujifungua, mtoto angekuwa na miezi mitatu na siku kidogo. Ile saa moja ya kila siku ndiyo daraja la kumvusha mpaka miezi sita. Kumkata mama faranga kwa sababu aliitumia ni kuchukua chakula mdomoni mwa mtoto.

Kwa familia zilizohama, hali ni ngumu zaidi. Mwanzoni mwa 2025 kambi nyingi kandokando ya Goma zilivunjwa. Wengine walirudi Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, wengine wanaishi kwa wenyeji au katika chumba kimoja cha kupanga. Kambini kulikuwa na taabu, lakini kulikuwa pia na nyanya upande huu na reko upande ule. Leo mama mgeni anamwachia mtoto mtu aliyemjua wiki iliyopita. Wakuu wa nyumba kumi, muulizeni mgeni anapofika: una mtoto anayenyonya? Unakwenda kazi gani? Nani anabaki naye? Maswali matatu hayo hayahitaji bajeti.

Na wale wenye moyo wa kusaidia, tafadhali msigawe maziwa ya unga ovyo. Yanahitaji maji safi, moto, kipimo sahihi, na kopo lingine likimalizika hilo. Mama akiyaongezea maji ili yafike mwisho wa mwezi, mtoto anakonda huku akinywa. Tangu 1981 nchi za dunia zilikubaliana juu ya kanuni za kuzuia bidhaa hizo zisisukumwe kwa wazazi. Mtoto yatima, au ambaye mama yake hawezi kabisa kunyonyesha, apelekwe kituo cha afya ili apangiwe njia yake. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asiache kunyonyesha kwa kusikia maneno ya watu. Akifuata dawa vizuri anaweza kunyonyesha, naye azungumze na muuguzi wake.

Kila anayelinda mtoto mchanga ajue pia dalili za kutongoja jioni. Mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24. Akikojoa kidogo, akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na homa, akitapika kila kitu, akihara, au utosi wake ukididimia, asipewe mitishamba wala maji ya sukari. Apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, na mtu atumwe kumwita mama sokoni. Kwa hiyo mama asiondoke bila kusema anauza wapi na bila kuacha namba ya simu, yake au ya jirani wa meza.

Vita vilituondolea mengi ambayo hatukuweza kuyazuia. Hili la maziwa liko mikononi mwetu: kikombe, sabuni, makaa kidogo, banda la kivuli, na mazungumzo ya dakika kumi kati ya mama na jirani kabla ya mtoto kupokelewa. Wiki hii, kabla hujamkabidhi mtoto wako, au kabla hujapokea wa mwenzako, ulizaneni kwanza: atakula nini, na mama atarudi kumnyonyesha saa ngapi?